Siku Saba za Kushika Laini Nairobi

Jumapili

Foleni ya kwanza ilipangwa kabla sijaiona Nairobi, na aliyeipanga ni begi langu. Pale stesheni ya Miritini mizigo hulazwa chini kwa safu, abiria huambiwa warudi nyuma, kisha hupitishwa mbwa. Kulikuwa na mabegi, maboksi yaliyofungwa kamba, na mfuko wa kaimati wa mama mmoja aliyekuwa akimtazama mbwa kwa jicho la "thubutu." Mbwa alipofika kwangu alisita, akanusa mara mbili, akapita. Ni harufu ya tapentaini, najua. Ndani mna brashi zangu tano. Sikuwa na kazi yoyote ya kuifanyia Nairobi, lakini fundi wa maandishi haachi brashi nyumbani, kama vile maalim asivyoacha tasbihi.

Kazi yangu ni kuandika, ila siandiki vitabu. Naandika kuta. Maduka, vinyozi, mikahawa ya biriani, migongo ya malori. Kwa miaka mingi kilichonilisha ni kijani cha M-Pesa, maana kila kibanda tangu Kisauni hadi Likoni kilitaka ukuta wa kijani na herufi nyeupe. Siku hizi wanatundika turubai lililochapwa kwa mashine, likipigwa na jua la Mombasa miezi sita linabaki kama kanga ya kupangusia meza. Hayo tuyaache.

Nilipanda bara kwa ajili ya karatasi moja ya marehemu baba, ambayo hutolewa na ofisi moja tu, na ofisi hiyo iko Nairobi. Ndugu zangu walinichagua bila mjadala mrefu: "Wewe huna bosi wa kumwomba ruhusa."

Behewa la kawaida, shilingi 1,500, treni ya saa tisa alasiri. Tsavo tuliwaona ndovu waliojipaka udongo mwekundu, na behewa zima likainuka upande mmoja kwenda dirishani, hata waliokuwa wamelala. Saa mbili na ushei usiku tukashuka Syokimau. Jirani ya hapo uko mji wa Mlolongo, uliopata jina kwa malori yaliyokuwa yakijipanga barabarani kungoja mizani. Nilicheka peke yangu. Unaingia Nairobi kwa kupitia mji uitwao foleni.

Kutoka hapo kuna treni ndogo ya kuingia mjini. Mpwa wangu, anayeishi Buruburu, alinipokea stesheni ya zamani, akanipokonya begi, na baada ya shikamoo neno lake la kwanza lilikuwa onyo.

"Mjomba, huku ukisema foleni watajua umekuja jana. Sema laini."

Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa langoni kwa ofisi, nimevaa sweta mbili na bado masikio siyasikii. Watu walikuwapo, lakini hawakuwa wamesimama kwa mpango wowote. Laini ilikuwa kwenye karatasi. Kijana mmoja wa kofia ya sufi alishika fulskepu na kalamu, kila anayefika anaandikwa jina na nambari. Nilikuwa wa 64. Nikamwuliza kama yeye ni mfanyakazi wa pale.

"Zii. Mimi pia nangoja."

"Basi nani amekuchagua?"

"Hakuna. Nimeamka wa kwanza."

Ukishaandikwa unaweza kwenda kutafuta chai, na kama huiamini karatasi unaacha kitu kikushikie nafasi. Niliviona vimejipanga ukutani: jiwe, chupa ya maji, mwavuli, tofali lenye jina kwa mkaa, na kiatu kimoja cha mtoto. Mwenye kiatu hicho alikwenda wapi na kimoja, sikupata kujua.

Mzee wa nambari 63 alikuwa na koti refu la kaki na hakuandama chai. Alinitazama nilivyokuwa nikijipiga viganja kwa baridi, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, akasema ndiyo sababu. Kisha akaonyesha umati kwa kidevu.

"Hii unaiita laini? Laini ilikuwa ya 1988."

Mwaka ule chama kilikuwa kimoja, KANU, na katika uteuzi wa wagombea masanduku ya kura yaliwekwa kando. Wapiga kura walisimama hadharani nyuma ya mgombea wao au ya wakala aliyebeba picha yake, wakahesabiwa kama mbuzi wa mahari. Wakenya wanauita uchaguzi wa mlolongo hadi leo. Mzee alisema laini aliyosimama yeye iliuzunguka uwanja wa shule, ikarudi ikajikunja. Ya mpinzani haikufika hata kwenye vyoo. "Ikatangazwa kwamba ile fupi ndiyo imeshinda. Tangu siku hiyo mimi nikiona laini, nahesabu mwenyewe."

Na kweli alikuwa amehesabu. Mbele yetu, alisema, wako watu 71. Karatasi ya kijana ilisema 62.

Mlango ulifunguliwa saa mbili. Ukutani palikuwa na maandishi ya mkono, PANGA LAINI HAPA, na mshale. Aliyeandika alianza na herufi pana kama mwenye shamba, akafika HAPA nafasi imemwishia, PA ya mwisho imebanwa kama abiria wa nne katika kiti cha watu watatu. Ni kosa la mwanafunzi: hukupima kabla ya kuchovya brashi. Nililitazama kwa saa tatu. Usingekuwa katika laini usingeweza kuutazama ukuta saa tatu bila kukamatwa.

Dirishani sikukaa hata dakika mbili. "Faili iko stoo. Rudi keshokutwa."

Nikashuka Kenyatta Avenue na mchana mzima mkononi. Katikati ya barabara lipo sanamu la askari wa Vita Kuu ya Kwanza, watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Nililijua kabla ya kulifikia, kwa sababu la kwetu Mombasa, na lile la Dar es Salaam, na hili, yote yalitoka mkono mmoja katika miaka ya 1920, mkono wa mchongaji Mwingereza James Stevenson. Mimi kama kawaida yangu nilizitazama herufi kuliko masanamu. Maandishi yako kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Waliajiriwa kwa laki, wengi kwa kukamatwa tu, na kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia Kariokor ya hapa na Kariakoo ya Dar. Soko zima limebaki na jina la watu ambao majina yao hayamo ukutani.

Mbele kidogo, barabara hiyo hiyo, ipo Kipande House, jengo la 1913. Waafrika wanaume wa miaka 16 na zaidi walipitia humo kuandikishwa na kupewa kipande, ile karatasi iliyotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Siku hizi ni tawi la benki. Nilichungulia mlangoni. Ndani watu walikuwa wamepanga laini.

Jumanne

Nairobi nzima hukutana Archives. "Nipate Archives," "niko Archives, nimevaa jaketi ya bluu." Ukingo wa mbele wa Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, upande wa Moi Avenue, saa tatu asubuhi ulikuwa umejaa watu waliokaa bega kwa bega kila mmoja akimngoja mwenziwe, shingo zote zimeelekea barabarani. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakisema "tupatane Hilton," ng'ambo ya pili, lakini hoteli ilifungwa mwishoni mwa 2022 na mnara wake wa duara umebaki kama kinu kisicho na mchi.

Nilipita katikati ya wale mia na zaidi nikaingia ndani. Nilikuwa peke yangu na mlinzi.

Ghorofa ya chini ndiyo yenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa miezi michache ya 1966 kabla ya kuondoka serikalini. Baba Mgoa, mama Mmaasai. Yeye na mkewe Sheila walikusanya maisha yao yote: vinyago, ngoma na ala nyingine, silaha, vito, vitambaa, kutoka pembe zote za Afrika. Jengo lenyewe lilikuwa benki. Kwa hiyo katika mji huu nyumba ya vipande imegeuka benki, na benki imegeuka nyumba ya vinyago, na haki ya Mungu sijui nani kapata hasara.

Nilikaa saa nzima na nusu mbele ya vitu hivyo, na hakuna aliyenisukuma bega. Mlinzi alikuja mara moja kuniuliza kama mimi ni mwanafunzi. Nina miaka 47. Nikasema ndiyo.

Nje, wapiga picha wa barabarani wananing'iniza kamera shingoni na mashine ndogo ya kuchapa kwenye begi. "Mzee, picha, dakika mbili tu, unaenda nayo." Akanisimamisha mbele ya Tom Mboya. Sanamu hilo la 2011 limezungukwa na heroe, na liko hatua chache kutoka pale waziri huyo alipopigwa risasi Julai 5, 1969, barabara ikiitwa bado Government Road. Kijana wa kamera aliniambia nisogee kushoto ili heroe mmoja asionekane kama anatoka kichwani mwangu. Nikamlipa kwa furaha. Mtu mwenye jicho la namna hiyo hajifunzi chuoni.

Mtaa wa nyuma yupo Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wa shaba, bunduki ya kujitengenezea mkono mmoja na jisu mkono wa pili. Kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Msichana mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli cha Kimathi akila smokie, ile soseji, iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, na mwenye toroli la smokie alikuwa na wateja sita waliosimama mmoja nyuma ya mwenzake bila kuambiwa na mtu. Hapo ndipo nilianza kushuku kwamba watu hawa wanapenda laini. Mombasa kwa mhogo wa kukaanga hatupangi foleni, tunazunguka.

Alasiri bustani ya Jevanjee. Wahubiri watatu, kila mmoja na Shetani wake. Nikalala kwenye nyasi.

Jumatano

Ofisini nimekuwa wa 22, na mzee wa koti la kaki hakuja, au alikuja akahesabu akaondoka. Faili imepatikana. Mwenye kutia sahihi hayupo. Ijumaa.

Kisha jioni ilinyesha mvua.

Steji ya matatu za Buruburu saa kumi na mbili kasorobo ilikuwa na laini nadhifu, inaanzia kwa mlango wa duka la simu, inapinda kona, inampita kinyozi, inawapita wauza viatu vya mitumba walioviweka mahali pake kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyesimama dakika 40 hana pengine pa kutazama. Nilikuwa nimepita kona. Mbele yangu mwanamke wa suti na raba, amevua viatu vya kazini akavitia kwenye mfuko. Nyuma yangu mwanafunzi anasoma kwenye simu. Hakuna aliyezungumza. Laini ya Nairobi ya jioni ina adabu kama ya matanga.

Tone la kwanza lilipoanguka makanga alitazama juu, akatutazama sisi, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Mia na hamsini! Mia na hamsini Buru!" Asubuhi nilikuwa nimelipa 60.

Laini ikakohoa. Hakuna neno bora. Ikakohoa kutoka mbele hadi nyuma, kila mtu akasema kitu kimoja kwa sauti ya chini, na bado ikasimama. Kisha mvua ikaja yote. Wauza viatu walikunja maturubai yao kwa pembe nne, bidhaa zote ndani, mwendo wa mara moja, kama wanavyofanya wakisikia "Kanjo!" Kuona wanavyokunja, watu wakadhani ni askari wa kaunti, wakakimbia, wa nyuma kuona wa mbele wakikimbia wakadhani matatu imefika, wakakimbilia mbele. Katika sekunde kumi laini ya dakika 40 ilikuwa rundo mlangoni mwa gari moja. Yule mwanamke wa suti aliingia kwa dirisha. Nasema niliyoyaona: miguu miwili ya raba ikipotea ndani ya dirisha, na mfuko wa viatu ukifuata.

Mimi nilibaki chini ya kibaraza cha kinyozi, na hapo ndipo nganya, yaani matatu iliyorembwa, ilipofika.

Niseme nini? Nimeandika malori miaka 25. Gari hili lilikuwa jeusi lenye kung'aa, limepakwa zambarau iliyofifia kuwa bluu ubavuni pasipo kuonekana mahali rangi moja inapokoma na nyingine inapoanza, na katika zambarau hiyo zilitoka nyuso: mchezaji mpira, mwanamuziki, kizee cha kuchora chenye sigara ya kuchora. Ndani taa za buluu, muziki unaotikisa maji kwenye madimbwi. Mvua ilikuwa ikiteleza juu ya nyuso hizo, na watu waliokuwa wakisukumana walikuwa wakisukumana mbele ya picha ambayo katika jumba la sanaa ungelipa kiingilio. Nilijikuta nimeweka kiganja kwenye herufi za ubavuni kuona kama ni stika.

"Hiyo ni mkono, mzae," akasema makanga, ananing'inia mlangoni kwa vidole viwili, ameloa, amefurahi. "Si stika. Unaingia ama unabuy?"

Nikaingia. Nauli ilikuwa imefika 200. Njia nzima nilimwuliza habari za mchoraji, kelele juu ya kelele, na kabla sijashuka aliniandikia nambari ya simu nyuma ya mkono wangu kwa kalamu ya wino, kwa sababu karatasi zote zilikuwa zimeloa.

Alhamisi

Gereji iko Industrial Area, nyuma ya ukuta wa mabati ambao nje yake hauna hata herufi moja. Ndani kulikuwa na magari matatu katika hatua tatu za kuzaliwa. La kwanza chesisi ya Isuzu na mifupa ya vyuma, cheche za welding zikiruka. La pili limevikwa bati, vijana wawili wanalipiga msasa baada ya puti. La tatu limepakwa prima ya kijivu, na mbele yake kijana wa dredi, ovaroli limeganda rangi hadi linaweza kusimama lenyewe, anakata umbo la uso kwenye karatasi ya kunata kwa wembe.

Sikumwambia kazi yangu. Nilisema mpwa wangu anakaa Buru na nimependa gari. Aliendelea kukata. Jicho, pua, mkunjo wa mdomo, kila kimoja ni tundu kwenye karatasi. Kisha anabandika, anapuliza kwa bunduki ndogo ya rangi iliyounganishwa na kompresa, anabandua, anabandika nyingine. Kivuli cha shavu alikipuliza bila karatasi, mkono hewani, kwa pumzi tatu fupi. Hapo nilishindwa kunyamaza.

"Hapo ungekuwa na brashi ungehitaji rangi nne."

Akageuka. Akatazama mikono yangu, na vidole vya mchora maandishi havifichiki, kucha zangu zina rangi tangu 1998.

"Mzae, wewe ni fundi! Na ulikuwa umekaa hapo ukinyamaza kama karao?"

Tulikaa hadi saa nane. Aliyemfundisha alikuwa mchoraji wa matatu katika miaka ya tisini, enzi ambazo kila gari lilikuwa na jina. Kisha mwaka 2004 zikaanza kutumika sheria za waziri John Michuki: vidhibiti mwendo, mikanda, na mstari wa njano kuzunguka bodi, michoro ifutwe. "Mwalimu wangu alipaka laini ya njano miaka kumi," alisema. "Msanii mzima, mzae. Laini ya njano, laini ya njano." Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema michoro irudi, vijana wapate kazi. Mwalimu alikuwa ameshahamia kupaka nyumba, akamwita mwanafunzi wake, akamkabidhi bunduki ya rangi.

Nikamwuliza kama amewahi kupeleka kazi kwenye majumba ya sanaa. Akasema aliwahi kwenda Kuona, kule Kilimani, ambako wachoraji na wachongaji wana studio zao, akapapenda, kuna utulivu, watu wanazungumza polepole. "Lakini mzae, picha inakaa ukutani inangoja mtu aje. Yangu inaenda kumchukua kwa steji." Hakusema kwa majivuno. Alikuwa akisafisha sindano ya bunduki kwa thina wakati huo.

Nilimsimulia kuhusu Paa ya Paa, jumba la sanaa la akina Elimo Njau, lililoanzishwa 1965, ambako sijawahi kufika ila jina lake nimelipenda tangu ujana. Mtu wa pwani ukimwambia "paa ya paa" atakuuliza kwanza: paa yupi, wa nyama, wa nyumba, au wa kuruka? Tena mbona ni "ya" na mnyama ni "wa"? Kijana alicheka hadi akaweka wembe chini. "Nyinyi watu wa Mombasa mnatupiga faini kwa Kiswahili kila siku."

Baada ya chakula (githeri na parachichi, tumekalia tairi) akaniletea kopo la nyeupe na kuninyoshea kidole kwenye bampa la nyuma la lile gari la tatu. Mwenye gari anataka maneno pale, na stika hazikai. "Andika kitu ya Mombasa. Lakini isikuwe ya kanisa."

Nikachomoa brashi namba sita. Nikapima kwa uzi na chaki, herufi 24, kwa sababu yule wa PANGA LAINI HAPA alikuwa bado kichwani mwangu. Nikaandika NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO, herufi za kisigino kinene, kivuli chekundu upande wa kulia. J mbili ndizo zenye raha, unazishusha kwa pumzi moja na hupumui mpaka mkia uishe. Nilipomaliza kivuli cha O ya mwisho niligeuka nikaona mwenye welding kazima mashine, wa msasa wote wawili wapo, na mama wa githeri, wamesimama mmoja anachungulia begani mwa mwenziwe.

"Bila selotepu," akasema wa dredi, kama anayewaeleza wengine msiba.

Pesa nilikataa. Akanipa kopo dogo la ile zambarau, alilochanganya mwenyewe, lisilouzwa popote.

Ijumaa

Swala nilisalia Jamia, msikiti wa kuba tatu katikati ya mji. Viatu vilianza kujipanga ngazini kabla ya adhana. Safu ya msikitini ni ndugu wa laini lakini hukua upande, haina wa kwanza, na nafasi ikitokea aliye karibu huvutwa aijaze. Wiki nzima sikuwa nimevutwa na mtu kuingia mbele. Nilipotoka nilipumzika mbele ya maktaba ya McMillan, jirani tu, kwa wale simba wawili wa mawe. Ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Vijana wa shule walikuwa wakiingia na mikoba mgongoni wakimgusa simba kichwani, wala hawamtazami.

Saa nane dirishani. Wa tisa tu kwenye laini. Karatasi ilikuwa tayari, imechapwa, imetiwa muhuri na sahihi. Nikaisoma pale pale, na nikaisoma tena. Baba yangu aliitwa Salim. Wameandika Salimu.

"Ni herufi moja tu, mzee," akasema wa dirishani, kwa upole kabisa, na nyuma yangu mtu akaguna.

Nikamwambia mimi nimewahi kufuta ukuta mzima kwa herufi moja. Nikamwambia benki haitamjua Salimu. Akaichukua karatasi, akaandika kitu pembeni kwa penseli, akasema warekebishe, nije Jumatatu. Nikamwambia treni yangu ni kesho. Akasema basi nimtume mtu, aje mapema, maana Jumatatu watu huwa wengi.

Mpwa wangu ameshauliza saa ngapi kijana wa fulskepu huamka.

Jumamosi

Asubuhi nilikimbilia Soko la Maasai, linalotandazwa mwishoni mwa wiki kwenye maegesho ya Mahakama Kuu. Vyondo, shanga, mawe ya Kisii yaliyochongwa viboko, picha za rangi za mafuta zilizolazwa kwenye lami na kubanwa kwa kokoto. Dalali alinishika mwanzo hadi nilipofungua mdomo, akasikia lafudhi, akaniacha kama mzigo usio na mwenyewe. Nimenunua kiondo cha mke wangu.

Stesheni, saa saba na nusu. Mizigo chini, abiria nyuma, mbwa akaja. Safari hii hakusita: alikaa kitako mbele ya begi langu kama amefika kwao.

Afisa akafungua. Brashi akazitazama moja moja akazirudisha. Tapentaini na kopo la zambarau akaviweka juu. "Hizi zinashika moto, mzee. Haziingii kwa treni." Nikajaribu. Nikamweleza rangi hii haiuzwi, ni ya kuchanganywa. Akafungua kifuniko akaitazama, na namsifu kwa hilo, aliitazama kweli, akainamisha kopo kidogo ili taa iipige.

"Hii ni ya nganya."

"Ndiyo."

Akakifunga kwa kisigino cha mkono, akalipeleka kopo kwenye meza ya pembeni ambako vitu vilivyonyang'anywa tangu asubuhi vilikuwa vimepangwa: kisu cha jikoni, mitungi miwili ya dawa ya mbu, kiberiti cha gesi, chupa ya spiriti. Akalitafutia kopo langu nafasi mwishoni, akalisogeza lilingane na vingine, kisha akaita anayefuata.